Muulize Mwalimu: Dogo kasema chakula kinaanza kumeng'enywa kwa mama lishe, darasa zima likafa

Wiki hizi barua zimekuja nyingi za aina moja, walimu na wazazi wanauliza kuhusu watoto wanaochekesha darasani. Sio wale wa kupigana wala wa kutoroka, hao tuliwaongelea toleo lililopita. Hawa ni wale ambao mwalimu anataka kukasirika ila mdomo unamsaliti. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu huyu kijana aliyeandika yuko kwenye kona ambayo walimu wengi wapya wanajikuta, na akishauriwa vibaya leo ataharibikiwa kazi mapema.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Bailojia kwenye sekondari moja ya kata huku Shinyanga, nina kidato cha pili, mkondo mmoja una watoto zaidi ya 70, wengine wanachangia kiti. Nyuma pale dirishani kuna kijana mmoja, nikigeuka tu kuandika ubaoni anatoa sauti ya mbuzi, na anaiweza kweli, siku ya kwanza nilichungulia nje nikijua mbuzi kaingia bustani ya shule. Sasa wiki iliyopita nafundisha mmeng'enyo wa chakula, nikauliza kwa Kiingereza, chakula kinaanza kumeng'enywa wapi, yeye akanyoosha mkono kwa adabu zote, akasimama, akashika vifungo vya shati vizuri, akasema "Sir, kwa mama lishe." Darasa lilikufa. Na mimi nikacheka, nilijikaza nikashindwa, nikageukia ubao mabega yanatikisika. Mwalimu mwenzangu alikuwa anapita koridoni kaniona. Ofisini nikasemwa kwamba nawalea, na mwalimu wa nidhamu kasema nimchape mbele ya wenzake ili wote wakome. Mimi sitaki, ila naogopa darasa litanishinda. Nifanyeje? – Sir wa Bailojia, Shinyanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, kucheka sio kosa, hilo jibu hata mimi limenichekesha nikiwa nalisoma. Watoto 70 wamekuona ukicheka na hakuna kilichobomoka. Tatizo la walimu wengi haliko kwenye kucheka, liko kwenye dakika moja inayofuata baada ya kucheka, hapo ndo darasa linaondoka au linabaki. Wapo wanaocheka halafu ghafla wanakumbuka kwamba wao ni walimu, wanakunja sura wanaanza kufoka, na mtoto hapo haelewi kabisa, sasa hivi tulikuwa tunacheka wote mara nimekuwa mkosaji? Anaona kaonewa, na darasa zima linakuwa upande wake. Ukishacheka usimwadhibu mtu kwa kile kile kilichokuchekesha.

Unachofanya ni hiki. Cheka nao, usiongee juu ya kelele zao, simama pale pale uwaangalie mpaka zishuke zenyewe, na zitashuka kwasababu wanataka kuona utafanya nini. Halafu lichukue jibu lake ulifanyie kazi. Mwambie haya, umefika kwa mama lishe, kakupakulia wali samaki, umelipa, umetia tonge la kwanza mdomoni. Sasa niambie, wali umeanza kushughulikiwa wapi, na samaki je? Hapo una kipindi kizima mkononi, maana wali ni wanga na mate yana kimeng'enya kinachoanza kuuvunja ukiwa bado unatafuna, samaki yeye ni protini, mdomoni anapondwa tu kwa meno, kazi yenyewe inamsubiri tumboni kwenye asidi. Muulize aliye mbele, muulize binti wa pembeni, halafu rudi kwake yeye amalizie. Nakuhakikishia hilo darasa halitakosa swali la mmeng'enyo kwenye mtihani, watamkumbuka mama lishe na watakumbuka mate. Na yeye kijana umempa kitu ambacho alikuwa anakitafuta, watu wamemsikiliza, ila safari hii wamemsikiliza akiongea Bailojia.

Mbuzi ni kesi nyingine. Jibu la mama lishe alilitoa akiwa amesimama, anaonekana, mbuzi analia ukiwa umegeuka. Huo ni mchezo wa kukuvizia na wenzake wa nyuma wanaujua, pengine wanapokezana. Usianze kuuliza nani katoa sauti, hutopata jibu, hata mtoto mpole kabisa hawezi kumtaja mwenzake mbele ya darasa, na wewe utabaki umesimama unahoji mbuzi dakika kumi kipindi kinaisha. Ondoa kule kugeuka. Chagua mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike notisi ubaoni, wewe tembea. Nenda kasimame nyuma pale dirishani, fundishia huko huko, weka mkono kwenye meza yake bila kusema neno, soma daftari lake, uliza swali kutokea hapo. Fanya hivo kila kipindi kiwe ndo utaratibu wako. Mbuzi anahitaji mgongo wa mwalimu, asipouona atanyamaza.

Alafu kuna mazungumzo ambayo lazima uyafanye. Muite peke yake baada ya kipindi, sio ofisini mbele ya walimu kumi wanaokunywa chai, chini ya mti au pale kwenye ngazi panatosha. Usianze na mbuzi. Muulize somo la leo kwa Kiswahili, yani umwambie nieleze tulichosoma kama unamweleza mdogo wako nyumbani, halafu nyamaza usikilize. Hapa ndo utajua unamlea mtoto gani. Hawa watoto wamesoma miaka saba yote kwa Kiswahili, sayansi wameisoma kwa Kiswahili, kisha wanaingia kidato cha kwanza wanapewa wiki chache za kuanzia Kiingereza na baada ya hapo kila kitu kimebadilika, kitabu, ubao, mtihani. Mtoto aliyekuwa anajibu darasa la saba anajikuta haelewi swali lenyewe linauliza nini. Kukaa kimya kunamuuma, kukosea kunamuaibisha, kuchekesha kunamuokoa, akichekesha hakuna anayegundua kwamba hakuelewa. Nimewaona wengi sana wa hivyo na karibu wote walikuwa wana akili inayokimbia, maana mtu asiye na akili hawezi kutengeneza jibu kama la mama lishe kwa sekunde tatu.

Akikueleza vizuri kwa Kiswahili, basi anajua, anachokosa ni lugha, mpe msamiati kabla ya kipindi, maneno matano sita ayaandike nyuma ya daftari na maana yake, umuulize hayo hayo ukiingia darasani ili asimame akiwa na kitu. Mpe nafasi kwenye debeti, wapo watoto ambao Kiingereza chao kilifunguka siku waliposimama kwenye debeti ya shule na kuachiwa wachekeshe huku wanabishana. Mahafali yakija muweke kwenye igizo. Akishindwa kueleza hata kwa Kiswahili hiyo ni kubwa zaidi, huenda kusoma kwenyewe ni shida, na upimaji wa kidato cha pili uko mbele yake, asipofaulu anarudia mwaka, na mtoto wa kuchekesha akirudia darasa na wadogo zake kile kichekesho kinageuka hasira. Huyo mpeleke kwa mwalimu wa malezi, mtafutie mwenzake wa kusoma naye jioni, usimuache.

Sasa fimbo. Mwanangu, hapa uwe makini sana na ushauri wa ofisini. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu viboko hazikupi ruhusa ya kumchapa mtoto kwasababu mwenzako kakwambia. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu ambaye mkuu kampa ruhusa hiyo kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu, jina la mtoto, kosa, idadi, na nani kachapa. Binti anachapwa na mwalimu wa kike, labda tu kama shule haina. Sasa nenda kaandike kwenye hicho kitabu "kosa: kulia kama mbuzi, kusema mama lishe" uone kama mkono wako utasaini. Hiyo ni sheria tu, na mimi nakwenda mbele zaidi ya sheria, sikubaliani na kumchapa mtoto kabisa, na kumchapa mbele ya wenzake ndo mbaya kuliko zote kwasababu unamfanya shujaa kwa nusu ya darasa na unaitia hofu nusu nyingine, na mtoto mwenye hofu hanyooshi mkono. Ukiingia kesho ukauliza swali utaangaliwa na macho 140 na hakuna mkono hata mmoja.

Kuhusu kuambiwa unawalea, usibishane ofisini. Darasa lako lilitakiwa liwe na watoto 40, una zaidi ya 70, tangu ada ifutwe mwaka 2016 watoto wameingia wengi na hilo ni jema, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wanachunga sasa wapo darasani, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Mwalimu anayeweza kuwashika 70 kwa kicheko na wakarudi kwenye somo ana kipaji, mwenzako akija kuona wanaandika atanyamaza mwenyewe.

Kitu kimoja cha mwisho kwako na hiki usikilegeze hata siku moja. Angalia kicheko nani anakilipia. Mama lishe hakuumiza mtu. Mbuzi anakula muda wa somo. Ila siku huyo kijana au mwingine yeyote atakapomuigiza mwenzake mwenye kigugumizi, au akasema kitu binti akiwa amechafuka sketi, au akacheka viatu vya mtoto aliyekuja na kandambili, hapo usitabasamu hata kidogo. Simamisha somo, sema kwa sauti ya chini kwamba hilo hapa halipo, endelea, na baadae umuite umkazie kweli. Wewe uko Usukumani, utani wanaujua tangu wadogo, wamewaona wajomba zao wakitaniana na watani wao mpaka kwenye misiba, na wanajua vizuri kabisa kwamba utani una watu wake na mipaka yake. Tumia hicho hicho wanachokijua. Waambie darasani tunataniana, hatuumizani. Watakuelewa haraka kuliko sheria za shule zilizobandikwa ukutani.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa Tanga, mwanangu yuko darasa la nne, kila wiki naitwa shule. Safari hii kachora picha ya mwalimu mkuu ubaoni, ana tumbo kubwa na kengele mkononi, wenzake wamecheka mpaka mwingine kajikojolea. Baba yake kachoka anasema apelekwe bweni akanyooke. Nisaidie. – Mama wa mchoraji*

Marahaba mama. Bweni liondoe kwanza kwenye hesabu, serikali ilizuia mwaka 2023 bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na hata isingezuia, mtoto wa umri huo anayetafuta kuangaliwa ukimpeleka mbali na mama yake umeongeza tatizo.

Naomba nikuulize kitu ila ujijibu mwenyewe. Hii stori ya picha umeshawasimulia wangapi? Shangazi yake, jirani, simu kwa dada yako, na kila ukisimulia mnacheka, na yeye yuko sebuleni anasikia. Mchana kagombezwa, jioni anasikia mama anamsifia bila kujua. Watoto wanachukua ile ya jioni. Hiyo ikate kuanzia leo, nyumba nzima, na baba yake umwambie.

Pili, tenganisha mkono na alichochora. Kuchora ni kipaji, mnunulie daftari lisilo na mistari na penseli, mwambie achore kila siku na wewe uangalie kweli sio kutupia jicho. Alichokosea ni tumbo la mtu mzima, mwili wa mtu hauchekwi, awe mwalimu mkuu awe muuza genge. Aende mwenyewe aombe radhi, wewe umsindikize mpaka mlangoni tu. Na umuombe mwalimu wa darasa ampe kazi ya kuchora ubaoni, ramani, sehemu za ua, mzunguko wa maji, shule nyingi hazina hata chati na mwalimu anahangaika kuchora mwenyewe. Mimi ningekuwa mwalimu wake ningefurahi sana kumpata.

Na ukiwa na nafasi kampimeni macho. Nasema hivi kwasababu wapo watoto wanaokaa nyuma hawaoni ubao, wanachoka kukisia, wanatafuta la kufanya. Pengine sio yeye, ila kupima hakuna hasara.

*

*Hujambo Mwalimu? Mimi nafundisha junior school huku Kilifi, nina Grade 8. Watoto wamenipa jina "Loding", yaani kama simu inayosubiri kufungua kitu, sababu nikiulizwa swali mimi hunyamaza kwanza nikifikiri kabla sijajibu. Sasa nikinyamaza kidogo tu nasikia huko nyuma mtu anasema polepole "asilimia tisini... tisini na tano..." na darasa lote linavunjika mbavu. Nimeumia kiasi, najifanya sijui. Mwalimu mmoja mkongwe asema enzi zao kiboko kingemaliza hii maneno kwa siku moja. Je, niwaambie nalijua hilo jina? – Madam wa Kilifi*

Sijambo mwanangu, na pole. Waambie, tena kwa njia nyepesi. Siku wakianza kuhesabu asilimia, wewe nyamaza mpaka wafike tisini na tisa, inua mkono, sema "mia, imefunguka," kisha toa jibu lako zuri kabisa lililonyooka. Jina la utani linaishi kwa kufichwa, mwenye jina akilishika mkononi linabaki jina tu. Kila mwalimu analo, tena wewe lako limetokana na tabia nzuri, watoto wameona kwamba unafikiri kabla ya kusema. Baada ya hapo waambie ni kwanini unanyamaza, na uwape na wao nafasi hiyo hiyo, ukiuliza swali hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumchagua mtu, utashangaa mikono itakayoinuka ambayo zamani haikuwa inawahi.

Ningekuwa na ushauri mwingine kama jina lingegusa kabila lako, mwili wako au maumbile yako. Hapo sio utani, ungewaambia wazi kwamba limekuumiza, na mtu mzima kusema nimeumia sio udhaifu.

Huyo mkongwe mheshimu ila usimfuate. Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na kumtesa mtoto kiakili. Hilo la pili walimu wengi wanalipita, wanaweka fimbo chini halafu wanaokota maneno, wewe ni mjinga, wewe ni kama baba yako, simama hapo mbele wenzako wakuone. Hayo nayo yamekatazwa, na mtoto anayabeba muda mrefu zaidi ya alama ya kiboko.

*

*Mwalimu shikamoo, swali fupi. Nasahihisha testi ya Historia, mwanafunzi kajibu swali la kwanini Vita vya Majimaji vilishindwa: "Kwa sababu maji yalikuwa ya baridi." Mwingine hajajibu chochote kaandika "Sir nakuachia Mungu" na kachora moyo. Nimecheka sana, nataka nipost kwenye grupu letu la walimu. Na maksi nizipe vipi? – Mwalimu wa Historia, Iringa*

Marahaba. Maksi ni sifuri kwa wote wawili, usimpe mtu nusu kwa kukuchekesha, lakini usiweke X kubwa ukaishia hapo. Huyo wa maji baridi mjibu pembeni kwa kalamu nyekundu, mwandikie kwamba maji ndo haswa pa kuanzia, kwamba watu waliaminishwa na Kinjekitile Ngwale kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji, halafu muulize ikawaje walipokutana na bunduki za rashasha na baadae njaa baada ya mashamba kuchomwa. Atasoma hiyo kuliko atakavyosoma notisi zako. Huyo wa moyo muite umuulize kwa upole, hakusoma, haelewi, au kuna kitu nyumbani. Karatasi tupu ina habari nyingi kuliko ile ya utani.

Na wakumbushe wote wawili mapema kwamba testi yako sio mtihani wa taifa, NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, imeshafuta matokeo ya watahiniwa walioandika matusi kwenye karatasi zao, tena sio mara moja. Mtoto anayezoea kuandika chochote kwenye testi siku moja mkono utamponyoka pasipo na mwalimu anayemjua.

Kwenye grupu usipost. Najua mnaaminiana, ila grupu la walimu lina mtu mwenye grupu la familia, na lile lina mtu mwenye ukurasa, na kufika Ijumaa mwandiko wa huyo mwanafunzi uko kila simu ya mkoa na wenzake wameutambua kabla hata hawajaona jina. Tangu 2023 Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, yeye alikuandikia wewe. Kama unataka kuwachekesha walimu wenzako wasimulie kwa mdomo wakati wa chai, bila kumtaja mtu, inatosha kabisa, na hizo karatasi zirudishe kwa wenyewe kabla wiki haijaisha.